Miaka Tisa Nje ya Meza

Watu wa kanisa letu la Kimulot walimjua Tecla kwa chai. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, siku ya Meza ya Bwana, alikuwa jikoni nyuma ya kanisa, ameinama mbele ya mafiga, sufuria kubwa ikichemka na macho yakiwa mekundu kwa moshi wa kuni za mkaratusi. Kazi hiyo ilikuwa ya zamu, lakini zamu yake haikuisha. Ukimwambia, Mama Kipkurui, leo ingia ibadani sisi tutachochea moto, alicheka na kusema kwamba nyinyi hamjui kukadiria majani. Wakamsifu kwa hilo. Mimbarini alitajwa kama mfano wa mtumishi asiyetafuta kuonekana, na wasichana waliokaribia kuolewa waliambiwa wamtazame yeye.

Kumbe alikuwa anajificha. Aliingia jikoni ili mkate ukipita mkono kwa mkono asiwepo. Alifanya hivyo miaka tisa, na waliojua ni wawili tu: Johana mumewe, aliyejua nusu, na rafiki yake Bilhah, aliyejua yote na asijue la kumfanyia.

Tecla hakuzaliwa kwenye chai. Alizaliwa upande wa Mulot, kwenye jua na mahindi na ng'ombe, na mama yake alikufa yeye akiwa na miaka sita. Johana alipomwoa na kumleta huku juu karibu na msitu wa Mau, wiki ya kwanza alilia kwa baridi. Vidole vilikataa kazi. Umande ulimpasua ngozi, na kikapu chake cha kwanza kilirudishwa kutoka kituo cha chai kwa sababu alikuwa amekwanyua majani makuukuu pamoja na machanga. Aliyemfundisha ni mama mkwe wake, Taprandich, mwanamke mfupi aliyependa ugoro na maneno machache. Alisimama nyuma yake mstarini, akaishika mikono ya Tecla kwa mikono yake mwenyewe, wakachuma pamoja kama mtu mmoja mpaka vidole vikaelewa: majani mawili na kichipukizi, vunja, usivute. Hakumwita mke wa mwanangu. Alimwita msichana wangu. Alipokufa, Tecla alikaa siku tatu bila kula, na majirani wakasema kwamba huyu analia kuliko mabinti wa kuzaliwa.

Taprandich hakuwa mtu wa kanisa. Alikuja Krismasi, akakaa karibu na mlango, akarudi kwake kabla ya matangazo. Tecla ndiye aliyeokoka, akabatizwa mtoni, akachaguliwa kuwa kiongozi wa akina mama. Na akiwa kiongozi alifundisha kama kanisa lilivyofundisha, hasa juu ya majina. Kwetu Wakipsigis, mtoto akizaliwa, wanawake wazee hukusanyika na kumwita kwa majina ya waliokufa wa ukoo wa baba, moja baada ya jingine, mpaka apige chafya. Jina alilolipigia chafya ni lake, na huyo aliyekufa amerudi kumlinda. Chafya ikitoka wanawake wote hucheka kwa sauti, maana mgeni amefika nyumbani. Kanisa lilikataza jambo hilo. Tecla mwenyewe alisimama mara nyingi akawaambia akina mama kwamba wafu hawaitwi, kwamba mtoto hulindwa na Bwana peke yake. Alisema hivyo, na aliamini.

Mwaka wa 2014, mwezi wa tano, Rodah, mke wa mwanawe Kipkurui, alishikwa na uchungu kabla ya siku zake. Gari lililoitwa lilikuwa bado halijapinda kona ya kituo cha chai wakati mtoto wa kike alipotoka. Wakamwita Chepchirchir, aliyezaliwa kwa haraka. Alikuwa mdogo kama kiatu. Zahanati walimpima, wakaeleza jinsi ya kumweka kifuani mwa mama apate joto, wakasema arudishwe Jumatatu au mapema zaidi akizidiwa. Mvua ikanyesha usiku na mchana, barabara ikawa tope tupu. Siku ya Ijumaa mtoto akaacha kunyonya. Hata kulia aliacha.

Kipkurui alitoka kwa miguu kutafuta trekta la kuwavusha mpaka barabara ya lami. Waliobaki wakamwita mchungaji. Wakati huo alikuwa Pasta Mageto, kijana kutoka Kisii, miaka ishirini na sita, aliyekuwa na miezi mitatu tu pale na hakuwa amejifunza Kikipsigis zaidi ya salamu. Alikuja na wanawake wa maombi, viatu vimejaa tope, akaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto. Tecla ndiye aliyempakata. Kando yake alikaa Jerusa, shangazi wa Johana, mzee kuliko wote pale ndani, aliyekuwa akimfuta mtoto uso kwa kidole.

Pasta aliomba kwa muda mrefu. Tecla alianza kwa kuitikia amina kama wengine. Kisha akatazama chini akaona midomo ya mtoto imegeuka rangi. Hapo, alivyosimulia mwenyewe baadaye, akili yake ilitoka na kinywa kikabaki. Kinywa kikaanza kuita. Aliita polepole chini ya sauti ya pasta: jina la nyanya wa Johana, jina la shangazi mwingine wa Johana aliyekufa mapema, halafu Taprandich. Mtoto akapiga chafya. Akapiga ya pili. Akalia, kilio chembamba kama cha paka, akageuza kichwa kutafuta ziwa.

Wanawake wazee wakacheka kama ilivyo desturi, na Tecla akacheka nao huku machozi yakimwagika. Pasta Mageto, ambaye hakujua lolote kuhusu kicheko hicho, aliinua mkono juu akasema kwamba Roho Mtakatifu ameshuka katika nyumba hii. Tecla alikuwa amejaa furaha mpaka shingoni, na furaha ikamsukuma kutania, kama tunavyotania siku ya jina. Alisema kwa Kiswahili, ili pasta naye asikie.

“Pasta, pumzika sasa. Si huyo Roho wako aliyekuja. Ni kogo.”

Kogo ni nyanya. Hilo pasta alilijua. Kicheko kilipanda tena, kikubwa kuliko cha kwanza. Pasta Mageto alishusha mkono, akachukua kofia yake, na hakungoja chai.

Jumapili iliyofuata alihubiri juu ya dhambi isiyo na msamaha. Hakutaja jina la mtu. Alisema kwamba Mungu husamehe uzinzi, husamehe wizi, husamehe hata damu, lakini mtu akiona kazi ya Roho Mtakatifu kwa macho yake na kusema ni ya roho nyingine, huyo hana msamaha hapa duniani wala huko mbele. Alirudia mara tatu, akitazama upande wa akina mama. Jerusa alikuwa amelala usingizi. Tecla alikuwa macho. Alisema ilikuwa kama kujikata na panga la kupogolea chai: mwanzo unaona nyama nyeupe tu, damu inakuja baadaye.

Ilikuja siku ya Meza. Sinia ya mkate ilipofika mikononi mwake, alikumbuka onyo kwamba anayekula isivyostahili anakula hukumu yake, akampa jirani bila kuchukua. Jirani akamtazama. Mwezi uliofuata Tecla alikuwa jikoni.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hakutubu tu. Hilo ndilo lililomfunga. Alijaribu kutubu mara nyingi, akiwa mstarini kwenye chai, vidole vikifanya kazi vyenyewe. Alianza, Bwana, nilikosa, yule alikuwa Roho wako. Na hapohapo moyo ukamuuliza: una hakika? Hakuwa na hakika. Alikuwa ameita jina, na mtoto akaitika jina. Ndani kabisa, mahali asipoweza kupafikia na kupasafisha, aliendelea kuamini kwamba Taprandich alimsikia msichana wake akilia na akaja. Akisema mbele ya Mungu kwamba ni Roho, atakuwa anadanganya. Akisema ni kogo, atakuwa anarudia tusi lilelile. Akinyamaza, anabaki alipo. Alinyamaza.

Bilhah alijua kwa sababu alimbana. Bilhah ni mke wa Gitonga, watu wa Nyeri walioweka duka la unga na dawa za mifugo pale senta miaka mingi, na urafiki wao ulianzia kwenye benchi la duka hilo, Tecla akingoja mvua ipungue. Yeye husali kanisa jingine na husema mambo kama yalivyo. Aliposikia habari yote alishika kiuno.

“Mama Kipkurui, Mungu amesikia matusi ya senta hii kila siku ya soko tangu nifungue duka,” alisema. “Hajawahi kuhama. Leo akimbie kwa sababu ya utani wa siku ya jina?”

“Hayo mengine aliahidi kusamehe. Hili alisema hapana.”

“Sikiliza. Mtu aliyeifanya dhambi hiyo hajali. Wewe unajali mpaka umekonda. Basi hukuifanya.”

Tecla alirudi nyumbani siku hiyo akiwa mwepesi. Wepesi ulidumu mpaka jioni. Alipokuwa anakamua ng'ombe akafikiri: kama kujali ndiyo dalili kwamba bado niko hai, basi siku nitakayosahau kujali nimekwisha. Tangu hapo akaanza kuuchunga ule wasiwasi. Akiamka na kujikuta ametulia, alishtuka, akautafuta mpaka akaupata. Ikawa kazi nyingine juu ya kazi zake, na jibu lililokuwa la kumfungua likawa kamba ya pili.

Mwaka wa pili Jerusa aliugua miguu, Tecla akaenda kumpelekea mursik, maziwa yetu ya kibuyu. Wakakumbuka siku ya mtoto. Jerusa akacheka kwa ufizi. Alieleza kwamba chafya ile ni yake yeye, kwamba alimpaka mtoto ugoro puani kwa ncha ya kidole, kama alivyofanya kwa watoto wote wa ukoo, maana mtoto dhaifu vile angepiga chafya kwa nguvu gani. Alishangaa kwamba Tecla hakuona. Tecla hakumaliza hata kuosha kibuyu. Alishuka mteremko mpaka dukani, akihema, akamwambia Bilhah.

Bilhah akapiga makofi. “Basi ni ugoro! Si Roho, si kogo, ni ugoro. Kesi imekwisha, nenda nyumbani ukapike.”

Tecla alitaka iwe hivyo. Alikaa kwenye benchi akijaribu kuwa mtu ambaye kesi yake imekwisha. Kisha Bilhah akaona uso wake unarudi ulikokuwa.

“Ugoro unaleta chafya,” Tecla alisema. “Hauleti kunyonya. Na hata kama ni ugoro, mimi sikujua. Niliona kazi nzuri imefanyika, na kinywa changu kikakimbia kusema si ya Roho. Dhambi haikuwa puani mwa mtoto, Bilhah.”

Bilhah akamfungia sukari kwenye gazeti bila kuulizwa.

Mara moja tu Tecla alijaribu kwa mtu mwingine. Mwaka wa 2018 mhubiri mgeni aliweka mkutano kwenye uwanja wa Mulot, vipaza sauti vikisikika mpaka ng'ambo ya mto. Tecla alikuwa amekwenda kumjulia hali kaka yake. Mhubiri aliita kila mwenye dhambi ya aina yoyote, akisema hakuna iliyo kubwa kuliko damu ya Yesu, na Tecla akajikuta amesimama kwenye mstari, nyuma ya vijana wa pombe na mwanamke aliyemwacha mume. Zamu yake ilipofika, mhubiri aliweka mkono kichwani pake, akainamisha sikio. Tecla akasema kwa maneno machache. Mhubiri akauliza kama alisema kwa kinywa au moyoni tu. Tecla akasema kwa kinywa. Mkono ukaondoka kichwani. Mhubiri alisema kitu juu ya kumwombea baadaye, akageukia aliyefuata. Tecla alitembea mpaka kwa kaka yake akiwa bado anahisi ule ubaridi mahali mkono ulipokuwa, na hakusimulia mtu kwa miaka.

Johana aliona mkewe anaamka na kukaa kitandani, lakini si mtu wa maswali. Alijua kwamba kuna neno alilosema mbele ya pasta na kwamba linamla. Siku moja, wakipogoa shamba la chini, alisimama akamwambia kwamba yeye ameishi naye miaka thelathini na hajaona ubaya wake. Tecla alimshukuru. Kisha akasema, “Lakini si wewe niliyekukosea, Baba Kipkurui.” Johana akarudi kwenye mstari wake.

Mtoto alikua. Chepchirchir akawa msichana wa miguu mirefu, mwenye maswali, anayemfuata nyanya yake kila mahali. Tecla alimbeba mgongoni kwenye chai, akamfundisha kusuka kikapu, akamsomea akiwa na miwani ya Johana. Jambo moja hakulifanya. Hakumwekea mkono na kumwombea. Mtoto akipata homa, Tecla alikimbia kumwita Rodah au jirani yeyote aombe, yeye akasimama mlangoni. Rodah alidhani ni unyenyekevu. Tecla aliogopa tu kwamba ombi lililotoka kinywani mwake litafika upande mwingine.

Mwanzoni mwa 2023 ugali ulianza kumkwama. Alidhani ni mafua. Baada ya ugali ukaja wali, baada ya wali viazi vilivyopondwa. Kufikia mwezi wa tano alikuwa anakunywa tu, na nguo zilimning'inia. Kipkurui alimpeleka hospitali, wakaingiza mpira wenye taa kooni, wakakata kipande cha kupima, na jina la ugonjwa lilipotajwa hakuna aliyeuliza maana yake. Huku kwetu kila kilima kina watu wake waliokwenda kwa koo. Madaktari walisema umefika mbali. Walimwekea bomba dogo la kupanua njia ili uji na maziwa vipite, wakamrudisha nyumbani.

Kila mtu alilia isipokuwa Tecla. Alikuwa ameipokea habari kama mtu anayepokea barua aliyoisubiri. Koo lililotoa neno lile ndilo linalofungwa. Alimwambia Bilhah hivyo, kwa sauti ndogo iliyobaki, bila uchungu, kama anayeonyesha kitu kilicho wazi.

Bilhah alikasirika mpaka akasimama. “Mama Njeri wa duka la nguo alikufa kwa koo hilohilo. Yeye alimtukana nani? Mzee wenu wa kanisa, yule wa kengele, alimtukana nani?”

“Yao sijui. Yangu najua.”

Bilhah alitoka akalia nyuma ya zizi. Kisha alifanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Alitafuta namba ya Pasta Mageto, ambaye siku hizo alikuwa amehamishiwa kanisa moja upande wa Chepseon, akampigia, na akamweleza yote, hata ya jikoni.

Alikuja Jumamosi, saa sita mchana. Jua lilikuwa limetoka na Rodah alikuwa amemweka Tecla nje kwenye kiti chenye mito, akitazama chai. Pasta Mageto hakuwa kijana tena. Alikuwa na kitambi kidogo na nywele za pembeni zimeanza kuwa nyeupe. Alimsalimia Johana, akamsalimia Bilhah na sisi majirani tuliokuja kumjulia hali, akaomba kiti kifupi ili asikae juu ya mgonjwa. Johana alitaka kuondoka. Pasta akamwomba abaki, kwa kuwa lile la kwanza lilisemwa mbele ya watu.

Alianza kwa kusema kwamba hakuja kuhubiri. Alieleza siku ile alivyoiona yeye. Alikuwa mgeni, hakuna mtu katika eneo lote aliyemwita kwa jina, alikuwa ameogopa kwamba mtoto atafia chini ya mkono wake na watu watasema maombi yake ni ya bure. Mtoto akapona, na wanawake wakamcheka. Hakujua kwamba kicheko ni cha desturi. Hilo aliambiwa miaka miwili baadaye, na mzee wa kanisa, wakati wa kuaga.

“Nilirudi nyumbani nikafungua Neno kama mtu anayetafuta fimbo ya kupiga,” alisema. “Nikaipata. Sikuhubiri Jumapili ile kwa sababu Mungu alinituma. Nilihubiri kwa sababu mlinicheka. Nilijua hivyo nikiwa nimesimama pale, na niliona uso wako, Mama. Nilipoambiwa maana ya kicheko nilisema nitarudi. Sikurudi. Nilidhani umesahau.”

Tecla alimtazama. Kuongea kulimchukua nguvu, kwa hiyo aliyapanga maneno kwanza.

“Ulikuwa unajua tangu siku ile?”

“Ndiyo.”

“Basi tulikuwa wawili.”

Pasta Mageto alipiga magoti kwenye nyasi na kumwomba msamaha. Tecla hakumwacha amalize. Alimshika kichwa, akasema ameshasamehe, kwamba yeye alikuwa mtoto tu, kwamba mwanawe Kipkurui akiwa na umri huo alifanya ya kijinga zaidi. Pasta aliinuliwa. Akakaa, akajifuta uso, na ndipo akauliza, kwa uangalifu, kama ilikuwa vigumu kumsamehe.

Tecla alitabasamu kidogo. “Naona unakonipeleka, Pasta. Mama akisamehe haraka hivi, Mungu je? Ni mafundisho mazuri. Lakini mimi sikuwa nimeandika kwamba sitasamehe. Yeye aliandika.”

“Aliwaandikia watu waliomwona Yesu akiponya, wakataka kumuua.”

“Na mimi nilimwona mtoto anapona, nikataka kuchekesha watu.”

Bilhah aliguna, nusu kicheko nusu kilio. Kwenye mfuko Pasta alikuwa na mkate na chupa ndogo ya maji ya zabibu, na Tecla alikuwa ameiona tangu alipoketi. Alisema hawezi kushiriki. Si kwa sababu ya koo, mkate unaweza kuloweshwa. Hawezi kwa sababu ile Meza haiendewi na uongo. Akaeleza, sentensi moja kwa pumzi moja, lile jambo ambalo hata Johana hakuwahi kulisikia: kwamba mpaka leo hajui nani alikuja kwa yule mtoto. Akisema Roho, anadanganya. Akisema kogo, anatukana tena. Miaka tisa hana ombi la kuomba.

“Mwambie hivyo,” pasta alisema.

“Nini?”

“Kwamba hujui. Usiongeze kitu. Mwambie hivyohivyo ulivyoniambia mimi.”

Tecla alitazama mikono yake. Chai ilikuwa imeitia weusi kwenye mistari, weusi usiotoka hata hospitali walipoisugua. Alikaa hivyo mpaka Johana akasogeza kiti akidhani amelala. Kisha akafumba macho.

“Bwana,” alisema, “sijui ni nani alikuja siku ile.”

Walidhani amemaliza.

“Mtoto aliishi. Sikukushukuru. Niliogopa nikishukuru nitakosea mlango. Sasa nashukuru, na wewe unajua mlango ni upi.”

Hilo ndilo lote aliloomba. Pasta alivunja mkate, kipande kidogo kuliko ukucha, akakilowesha mpaka kikawa laini, na Rodah akamshika mgongo. Tecla alifungua kinywa mwenyewe. Alikaa nacho ulimini. Tuliokuwa karibu tuliona koo likijaribu, likikataa, likijaribu tena. Alikohoa, Rodah akaleta kitambaa, na hakuna anayeweza kuapa kama kilishuka au kilitoka. Pasta aliendelea na maneno ya Meza mpaka mwisho.

Bilhah hakuweza kungoja. Akamwinamia akauliza kama sasa anasikia amani.

Tecla alifikiri. Hakuwa mtu wa kusema amani ili kuwafurahisha wageni. Alitikisa kichwa.

“Bado sisikii kitu,” alisema. “Ni kama jana.” Akavuta pumzi, akamgeukia mchungaji aliyekuwa anafunga chupa. “Lakini Jumapili ijayo leta tena, Pasta.”

Alileta. Alikuja kutoka Chepseon Jumapili tatu, na kila mara Tecla aliuliza kwanza kama mkate upo. Ya nne ilimkuta Pasta kwenye maziko ya Tecla, akiwa amesimama pamoja nasi kwenye mvua, bila hotuba.